Arsenal Imeniumbua Gesima

Pam! Pam, uko wapi? Nimeaibika leo mbele ya wakulima wa chai huku Gesima, na bado nacheka peke yangu.

Nilikuwa nawasihi wapige kura rekodi za chama chao zitolewe kwenye seva, zile kompyuta za kuhifadhia data, za Ulaya, zihifadhiwe hapa Kenya. Nikasema, "Cha kwetu kikae kwetu!" Makofi!

Mwenyekiti wao, Mzee Manasseh, akaniuliza, "Mwanangu Mokeira, wewe ni shabiki wa timu gani?"

Mimi huyo, bila kufikiria: "Arsenal!"

ARSENAL, Pam! Na timu yetu ya Shabana iko hapa Kisii!

"Kumbe moyo wako umeuhifadhi London," akasema. Watu wakavunjika mbavu.

Halafu kura ilipopigwa, akawa wa kwanza kuinua mkono kuniunga. Koti lake likafunguka.

Ndani? Jezi ya Chelsea!