Kwetu Hakuna, Daktari

Shangazi mpendwa,

Nakusihi, ukimaliza kusoma uifiche barua hii, hata neno moja lisimfikie Mama.

Huku hatujambo. Mama amepaka sebule rangi mpya. Mimi bado ni karani wa masjala, ila siku hizi nafungua upya bahasha nilizokwisha kuzifunga, nikihofia nimekosea. Mkuu wangu alinitania, "Karani, bahasha hizo zimekukosea nini?" Nikacheka naye. Kisha likaja juma ambalo sikuweza kuinuka kitandani, Mama akanipeleka hospitali.

Daktari alinieleza kwamba hofu na huzuni ya namna hii mara nyingi huwa na mizizi ya pamoja, na sehemu ya mizizi hiyo hurithiwa. Akauliza, "Kwenu kuna mwingine?"

Mama akanitangulia. "Kwetu hakuna, daktari."

Nami nikaitikia kwa kichwa. Lakini namkumbuka Baba akilala ameelekea ukutani, tukiambiwa amechoka tu. Nakukumbuka nawe ukirudi kutoka barabarani kuhakikisha jiko limezimwa, nasi watoto tukikucheka. Inaniuma kwamba tulimzika Baba bila kuthubutu kulitaja lililomsumbua. Laiti ningejua, nisingejiona wa kwanza.

Mwezi ujao narudi kwa daktari, na safari hii nataka kumjibu kweli. Baba alianzaje? Nawe, nini kilikusaidia?

Usipige nyumbani. Piga masjala mchana, wenzangu wakienda kula. Simu ikipokelewa ukasikia kimya, usikate, Shangazi. Ni mimi, natafuta pa kuanzia.

Mtoto wa kaka yako