Jemadari wa Lambo la Ihumwa

Jumatatu, 12 Agosti
Leo tena rangi. Dumu la mafuta ya kula likikatwa ubavu linakuwa meli ya Hispania. Tanga ni kipande cha kiroba. Misalaba myekundu nachora mimi. Kazi nzuri, haina maneno.
Halafu Hamisi akaaga. Baba yake amehamishwa kikazi, wanaondoka kesho. Hamisi ndiye alikuwa jemadari wetu sisi Wahispania kwenye igizo la vita vya meli kati ya Hispania na Uingereza, tutakaloonyesha lamboni Sikukuu ya Wazazi. Mwalimu Mlowe wa Historia akauliza nani anataka nafasi. Darasa zima likanyoosha mkono isipokuwa mimi. Akanichagua mimi. Eti asiyetaka cheo ndiye anayefaa.
Sifai.

Jumanne, 13 Agosti
Nimesoma habari za yule Duke mwenyewe, bwana mkubwa wa Hispania ninayemwigiza. Jemadari wa kwanza alikufa, mfalme akamteua yeye. Akamwandikia mfalme: sijui mambo ya bahari, nikipanda meli naugua. Hakuna aliyejali. Nampenda sana huyu mtu.
Nikaenda ofisini kwa Mwalimu kujiuzulu. Shikamoo. Marahaba, Yunis, sema. Nikatoka na maboksi mawili ya chaki nipeleke Kidato cha Kwanza.

Ijumaa, 16 Agosti
Nina sentensi moja tu. Ya Kiingereza, kwa sababu wazazi wanalipia Kiingereza. Nasimama juu ya tuta la lambo, naamuru meli zifunge safu kama mwezi mchanga. Basi. Baada ya hapo Waingereza wanaleta mashua yenye moto, upepo unatutawanya, tunazama kwa heshima.
Mwaka jana nilipewa risala nisome. Nilisimama kimya mpaka wakanishusha. Mama alikuwa mstari wa mbele. Na ameomba ruhusa kazini aje tena.
Nikinyamaza tena mbele yake, sijui nitaingiaje nyumbani.

Jumatano, 21 Agosti
Mazoezi. Kelvin ni jemadari wa Waingereza. Anaongea hata akinywa maji. "Duke, leo umeamka na sauti au umeiacha kwenye begi?" Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, ndiyo aibu yenyewe.
Kati yetu sote hakuna aliyewahi kuona bahari. Kelvin anasema ameiona. Kwenye kalenda.
Mwalimu amekubaliana na wafugaji: sisi tunatumia lambo asubuhi, ng'ombe watakunywa saa nane kama kawaida yao. Kila kitu kimepangwa.

Jumamosi, 24 Agosti
Nianze wapi.
Vita vilikuwa vianze saa nne. Mgeni rasmi hakufika saa nne. Saa sita akapiga simu, yuko njiani. Wazazi wakanywa soda zote. Watoto wa Kidato cha Kwanza walikuwa wameshika kamba za meli, maji magotini, wanatetemeka kwa upepo. Saa nane kasoro gari likaingia.
Nikapanda tuta. Mama alikuwa palepale, mstari wa mbele, na kitambaa chake cha bluu. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikamsikia Kelvin chini akisema taratibu, "Imebaki kwenye begi."
Ndipo vumbi likatokea. Ng'ombe. Saa yao ilikuwa imefika, wao hawana habari na mgeni rasmi. Wanashuka mbio kuelekea maji, yaani kuelekea wale watoto.
Nikapiga ukelele. Ule wa machungani, wa Kigogo, ninaowapigia ng'ombe wa bibi kule Chemba kila likizo. Sikujua kama nimekuja nao shuleni. Nikashuka tuta nimeinua fimbo ya jemadari. Dume la mbele likasimama, likanitazama, likageuka. Wote wakageuka nalo.
Wakaingia kwa Waingereza.
Kelvin alikimbia akiwa na mashua ya moto mkononi, kisha akakumbuka kuitupa. Ng'ombe wakakanyaga Uingereza yote na kunywa maji juu yake. Meli zangu zikabaki zimejipanga kama mwezi mchanga. Hata moja haikupinduka.
Mwalimu Mlowe akaja mbio, suruali imelowa. "Yunis, waambie wazame. Hispania inashindwa, nimefundisha muhula mzima."
Nikawaambia. Kidato cha Kwanza wakakataa. Mmoja alisema, "Dada, tumesimama humu tangu saa nne."
Mgeni rasmi alipiga makofi kwa kusimama. Katika hotuba yake aliwapongeza Wahispania kwa nidhamu. Mwalimu aliangalia viatu vyake.

Jumapili, 25 Agosti
Duke wa kweli aliposhindwa alirudi kwake, kwenye michungwa yake. Alipita njiani na mapazia ya machela yake yamefungwa ili watu wasimwone.
Jana tulirudi kwa miguu, mimi na mama. Tukapita dukani kwa Mangi. Akanunua machungwa mawili. Akanipa moja.
"Ile sauti," akasema, "ni ya bibi yako kabisa."
Leo baada ya kanisa watoto wamepita nje wakiuigiza ule ukelele wangu. Wanaukosea. Nimesogeza pazia, nikawaonyesha.