Mjumbe Huingia Mwisho

Antía, usimwambie mtu. Kanada nimeikosa, tena kwa kura.

Leo nilikwenda kwa wakala anayetafuta wachomeleaji wa kupeleka huko. Nilikwenda kimyakimya, maana mimi ndiye niliyewaita wanaohama wasaliti. Kufika, karakana yetu yote ya meli imejaa ngazini. Hata Breixo, ambaye sijamsamehe tangu alipouvunja mgomo wetu.

Tukaachwa tumesimama pale asubuhi nzima. Unanijua. Nikaitisha mkutano. Mkutano, Antía, kwenye ngazi za wakala.

Wakanichagua mjumbe. Nikaingia kudai mishahara iandikwe kwenye mkataba kabla ya safari. Yule mama wakala akakubali. Nikatoka, wakanipigia makofi.

Nikageuka niingie kujiandikisha, Breixo akanishika bega. “Taratibu, komredi. Mjumbe huingia mwisho.”

Sheria hiyo niliipigania mimi, baada ya mjumbe wetu wa zamani karakanani kujipatia cheo yeye kwanza. Nikarudi mwisho wa foleni.

Wakaingia wote, wakatoka wanacheka. Zamu yangu ilipofika, yule mama akasema, “Pole kaka, nafasi zimekwisha. Ila wewe unaongea vizuri sana.”

Wote wanaondoka, Antía. Karakanani tunabaki mimi na bosi. Sasa nitagoma na nani?