Manyoya ya Kiki

Jumatano, Machi 1997

Ni mimi niliyekata manyoya ya mabawa ya Kiki, na sijamwambia mtu. Tangu nimalize Form Four nimemfuga kasuku huyu mdogo, lakini kila nikinyoosha mkono alirukia ukutani. Jumapili nilichukua makasi ya Mama nikampunguza, kama tunavyopogoa chai isirefuke.

Leo alipanda kidoleni mwangu, akala wimbi. Mama akapiga makofi.

"Wewe Chebet! Si ulisema anakuogopa? Kumbe ulikuwa unambembeleza polepole!"

Nilitabasamu tu. Miguu yake ilikuwa inatetemeka kwenye kidole changu. Hajanizoea, ni vile hawezi kuruka.

Manyoya yataota tena. Siku hiyo nitafungua dirisha, nijue kama atabaki. Naiogopa sana siku hiyo. Kabla ya hapo, tafadhali, daftari langu, usimwambie Mama.