Ombi la Siri la Nyumba Yetu

Baba,

Naandika nikiwa jikoni. Mama ameenda mazoezi ya kwaya, na sitaki arudi akute ninachokuandikia. Naogopa, Baba. Wacha nianze na hilo, nisije nikakuzungusha.

Elkana yuko vitani.

Kitinda mimba wako, yule uliyekuwa ukimfukuza na ndara asubuhi kwa kuchelewa shule, amepewa bunduki katika nchi ambayo mimi huiona tu kwenye habari. Miezi mitatu baada ya kukuzika, Mzee Japheth wa baraza la kanisa alisema amepata kazi za udereva ng'ambo kwa vijana wetu. Unamkumbuka, ndiye aliyetununulia viti vya plastiki. Mchungaji aliwaita vijana watano mbele, akawapaka mafuta, na Elkana akaondoka hapa Kayole akiwa amevaa suti yako ya kahawia. Mimi nilipiga vigelegele.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu yangu. "Siz, hii job si ile tuliambiwa. Wametupea bunduki. Usishow mathe. Niombee tu."

Ni majuma sita sasa, na Mama sijamwambia, kama alivyoniomba. Simu ikilia, nasita kuishika. Isipolia ni vibaya zaidi.

Tangu uondoke, kikapu cha maombi nilipewa mimi. Nasimama palepale ulipokuwa ukisimama, nakunjua karatasi moja moja, nasoma jina na haja yake, kanisa linaomba. Wewe ulikuwa ukisoma kila kitu bila kupunguza. Ulisema, "Mungu anajua, lakini sisi hatujui. Tutaombaje?" Bado nacheka nikikumbuka uliposoma kwamba Mama Nekesa anaomba mumewe aache busaa, na mume mwenyewe ameketi mstari wa mbele. Alikununia mwezi mzima. Lakini kwenye mazishi yako ndiye aliyepiga ngoma, na hakuwa ameonja hata tone.

Karatasi usizozipenda zilikuwa zile za "ombi la siri". Mtu anaandika hayo maneno na jina la nyumba yake, basi, na kanisa linaombea jambo lisilolijua. Ulisema ni woga uliovaa nguo za Jumapili. Basi huyu binti uliyemfundisha kusoma ndiye anayetumbukiza ombi la siri kila wiki, kisha analisoma mwenyewe kwa uso mkavu.

Ningefanya nini? Mzee Japheth anataka kuwa mwakilishi wa wadi. Kijana mmoja wa mtaa alimuuliza kwenye mtandao wale vijana wako wapi, na kesho yake watu asiowajua wakamfuata hadi mlangoni. Mama ana presha. Na mimi ni mwoga tangu utotoni, wajua.

Hata kuomba kwenyewe kunanitisha. Kila Jumapili tunaombea amani duniani, ombi lisilomkera mtu, halafu tunaenda kunywa chai. Lakini nikifumba macho niombe risasi zimkose Elkana, nakumbuka kwamba naye anafyatua za kwake. Huko anakozielekeza kuna mama naye anamwombea mwanawe. Je, naomba wa kwake afe ili wetu arudi? Bwana alisema tuwapende adui zetu, na huyo hata adui yetu si. Nikifika hapo naikatisha sala. Nasema tu, Bwana, Bwana.

Jumapili iliyopita nilikuta maombi ya siri sita kikapuni. Manne yalitoka katika nyumba za wale vijana wanne walioondoka na Elkana. Moja lilikuwa langu. La sita nililitambua kabla sijalikunjua vizuri, zile herufi kubwa zinazopanda kilima. "Ombi la siri. Mama Elkana."

Anajua, Baba. Sijui alijuaje. Kila jioni ananipakulia ugali na sukuma, ananiuliza kama Elkana amepiga simu, namwambia mtandao wa huko ni mbovu, naye anasema, "Ni kweli, ni mtandao." Tumekuwa tukifichana kitu kimoja, juu ya meza moja.

Niliyasoma yote sita kwa sauti ileile. Mzee Japheth aliitikia amina kubwa kuliko mtu yeyote.

Kesho anamleta mheshimiwa mbunge kanisani. Mchungaji ameniomba maombi yawe mafupi kwa sababu tuna wageni. Siwezi kukuahidi ujasiri kwa sababu sina. Nakuahidi hili: Mama akirudi sasa hivi nitamwekea chai, nitafungua ule ujumbe, tumsikilize Elkana pamoja. Na kesho nitatia kikapuni karatasi moja isiyo na siri. Nitasoma jina lake lote, kama ulivyolitamka siku ya ubatizo wake, mahali alipo, na aliyempeleka. Sauti ikinikatika, Mama atamalizia.

Namsikia kwenye ngazi, anaimba ile sauti ya pili. Lala salama, Baba. Na ukimwona Elkana anakuja huko kabla ya wakati wake, usimpokee. Vua ndara, umfukuze kama zamani, arudi nyumbani.

Binti yako,
Rispa