Turubai la Bosi

Mwenzangu, kaa chini kwanza. Unaikumbuka ile mashine mpya ya kupima kimo cha mawingu, inayomulika juu kama tochi? Leo mgeni rasmi alikuwa anakuja kwa ndege kuizindua.

Bosi wetu, kwa hekima zake, asubuhi kaifunika kwa turubai. Eti isinyeshewe. TURUBAI. Kitu ambacho kazi yake yote ni kutazama juu.

Basi mashine ikapima turubai, ikawapasha habari waongoza ndege: wingu zito, mita mbili kutoka ardhini.

Na jua linawaka mpaka kichwa kinauma. Rubani anasema, "Uwanja nauona wote, mpaka nyasi." Anajibiwa, "Wingu liko chini mno, kutua hakuruhusiwi." Akazunguka weee, mafuta yakaanza kumtia wasiwasi, akaenda kutua mji wa jirani. Na mgeni rasmi wetu humo ndani.

Turubai jamani.

Nikatoka mbio kwenda kuliondoa. Namkuta bosi kasimama pale na suti yake, mkasi wa utepe mkononi. Nikamwambia, "Bosi, mashine imepima turubai."

Akafunua pembe, akachungulia, akaipapasa mashine.

"Lakini umeona? Haijaingia hata tone."