Neno Juu ya Mlango

Nyumba ya Wazee, Elm Ridge
Minnesota, Oktoba 3

Mpendwa Marlys,

Salamu nyingi kwako na kwa Gordon. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba goti lako limekubali tena kupanda ngazi za kanisa. Mimi bado nahema. Daktari anasema moyo wangu umechoka, nami sibishani naye, maana ameusikiliza kuliko nilivyousikiliza mimi.

Nianze na lile nililolificha, nisije nikalala kabla sijalifikia. Maneno ambayo watu wamenisifia kwa miaka hamsini na sita hayakuwa yangu. Yalikuwa ya kaka yako, Lowell.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Huenda unaikumbuka theluji tu. Ilikuwa mechi ya ubingwa wa vyuo ya mwaka 1967, futiboli yetu ya Kimarekani ya kudaka mpira kwa mikono, na zilibaki sekunde nne. Lowell alijirusha kwenye kona ya uwanja, akainuka na mpira mikononi. Refa akanyoosha mikono yote miwili juu: tumeshinda. Wenzake wakamrukia, wakimwita Mnorwe mwenye vidole vya gundi. Yeye akawapangua, akamwendea refa na kumwambia kwamba mpira uligusa chini kabla hajaudaka, kwa hiyo pointi hazikuwa halali.

Nilikimbia, nikamshika kwa vyuma vya usoni vya kofia yake, nikamwambia afunge bakuli lake; refa ameshaamua, yeye nani amfundishe kazi? Alinitazama bila hasira, akasema tu, "Kocha, uligusa." Refa akazifuta pointi. Tukashindwa.

Mwandishi wa gazeti la mji alikuwa amekaa juu jukwaani. Kutoka kule aliona kocha amemshika kijana mbele ya refa, akadhani nimempeleka kukiri. Jumapili asubuhi habari ikawa ukurasa wa kwanza: kocha aliyeacha kombe akachagua ukweli. Kanisani mchungaji aliniomba nisimame. Mke wangu Ardis, Mungu amrehemu, alilia kwa fahari. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi kwa mechi niliyoshindwa. Nikasimama. Nilipotelea pale, Marlys, si uwanjani.

Juu ya habari ile nilijenga kila kitu. Fundi alinichongea ubao wenye neno UKWELI, tukaupigilia juu ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na kila mchezaji aliugusa kabla ya kutoka. Kila Agosti niliwakalisha wachezaji wapya kwenye nyasi nikawasimulia theluji ile. Wakongwe waliijua kwa moyo, wakawa wananong'onezana kwamba mwaka huu Kocha kaongeza upepo. Lakini iliwaingia. Mmoja alinijia mwenyewe, siku mbili kabla ya mechi kubwa, akaniambia kwamba ameiba majibu ya mtihani. Nilimweka benchi, kisha nikakaa naye jioni baada ya jioni akisoma upya. Leo ni hakimu. Walionyooka walinyooka kweli, ingawa rula ilikuwa ya kuazima.

Siku hizi Jumamosi nasikiliza mechi kwenye redio, peke yangu. Dirisha langu linatazama maegesho ya magari. Zaidi ya vijana elfu moja wamepita mikononi mwangu; simu hulia siku yangu ya kuzaliwa, halafu kimya mpaka mwaka mwingine. Nikienda kula hugusa juu ya mlango, mazoea tu, na muuguzi wangu Jolene huniuliza, eti leo tunacheza na nani, Kocha? Humjibu kwamba tunacheza na supu, na inaelekea itatufunga.

Baada ya wiki mbili chuo kinataka kuupa uwanja jina langu, na wewe wamekuomba ukate utepe. Uliniandikia kwamba utakuja kwa heshima yangu. Katika barua hiyohiyo ukasema kaburi la Lowell hujalikanyaga tangu tulipomzika mama yenu, kwa sababu huwezi kumsamehe alivyonisingizia. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imelainika.

Wiki ile baada ya mechi, niliwapigia simu wazazi wenu nikawaambia kwamba Lowell ameacha chuo kwa hiari yake, na kwamba nilimsihi abaki. Yeye akafika nyumbani akasema nimemfukuza. Machi, ghala la nafaka likammeza; nafaka ilimfukia akafa. Kwenye mazishi baba yenu alinishika mkono, akaniomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Alinieleza kwamba Lowell alipoyasema yale mezani, yeye alimuuliza: mtu aliyetupa kombe kwa ajili ya ukweli, ndiye aje kudanganya juu yako wewe? Akamwamuru aondoke mezani. Lowell aliinuka, akavaa koti, akaenda kuomba kazi ghalani. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Nikamwambia, pole sana, mzee Haugen, vijana wana mambo yao.

Kila Krismasi umeniletea mikate yako ya viazi, ukinishukuru kwa kujaribu kumzuia kaka yako. Nimeila yote, na siagi na sukari. Mwaka huu usilete. Mkuu wa chuo nimemwandikia barua yake yenye ukweli huuhuu, utepe usiukate.

Nisalimie Gordon na wajukuu, hasa yule anayepuliza tarumbeta. Ukiweza, nenda makaburini kabla theluji haijafunga njia, umpelekee Lowell haya yafuatayo, kwa kuwa mimi miguu haitanifikisha.

Jumatatu ile alikuja ofisini kwangu na gazeti mkononi, anacheka. Akasema, "Mimi nimepoteza mechi, Kocha, wewe umepata utakatifu. Haya, tugawane basi!" Hakuwa anataka kitu, alikuwa ananitania, kama siku zote. Lakini nilijua kwamba maadamu yuko kwenye timu, sitaweza kulitamka lile neno bila kukutana na macho yake. Nikamwambia akusanye vitu vyake na awe ameondoka kabla ya chakula cha mchana.

Alichokisema mezani kwenu kilikuwa kweli. Nilimfukuza mimi.

Orrin Tveit